Hodi kabla ya kuingia, hata kwenye simu

Sifa zote njema zinamstahikia Mwenyezi Mungu (SW), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (SAW), jamaa zake na masahaba zake. Ama baada ya hayo.

Ndugu Waislamu, adabu ya hodi tunaijua sote. Katika Sura An-Nur, aya ya 27, Waumini wamekatazwa kuingia nyumba zisizo zao mpaka waombe idhini na kuwasalimu wenyeji wake. Naye Abu Musa al-Ash'ari (RA) amepokea kwamba hodi ni mara tatu. Mgeni asipojibiwa, na arudi zake.

Leo majumbani mwetu anaingia mgeni asiyebisha. Usiku familia imelala, simu iko kwenye chaji, na mtengenezaji wa programu aliye ng'ambo anaingia, anaondoa hiki na kuweka kile. Alfajiri baba anaikuta simu siyo ile aliyoilaza, na pengine bando nalo limekwisha.

Wako waliochukizwa na jambo hilo wakazuia kila sasisho. Hao wamekosea. Machi 2017 kampuni ya Microsoft ilitoa kiraka cha kuziba ufa katika programu ya Windows, na wengi hawakukiweka. Mei 12 mwaka huohuo kirusi kiitwacho WannaCry kikapenya katika ufa ule, kikafunga mafaili ya watu katika nchi zaidi ya 150 na kudai fedha ili kuyafungua. Uingereza, hospitali za umma ziliahirisha maelfu ya miadi ya wagonjwa. Mwenye kompyuta ya madrasa yenye majina ya watoto na namba za simu za wazazi ameshika amana. Akichelewesha kiraka, ameilaza amana hiyo mlango wazi.

Lakini nao wasemao kila kitu kijiendeshe chenyewe wana la kujibu. Julai 19, 2024 kampuni ya CrowdStrike ilisambaza sasisho lenye kosa, likaingia bila kungoja ruhusa ya mtu. Kompyuta zipatazo milioni 8.5 zikagoma, na maelfu ya safari za ndege zikafutwa.

Hilo tuseme lilikuwa kosa la kibinadamu. Linalonikera zaidi ni jingine. Desemba 2017 kampuni ya Apple ilikiri kwamba sasisho ililolitoa mapema mwaka ule lilipunguza kasi ya baadhi ya simu zake zenye betri zilizochakaa. Sababu yenyewe ina mantiki, kwani betri hizo zilikuwa zikizimisha simu ghafla. Ila wenye simu hawakuelezwa. Mtu angeweza kudhani simu yake imezeeka akanunua mpya, kumbe betri mpya tu ingemtosha. Februari 2020 mamlaka za Ufaransa ziliitoza kampuni hiyo faini ya euro milioni 25 kwa kutowaarifu wateja.

Hapa inakumbukwa Hadithi ya lundo la chakula sokoni. Mtume (SAW) alitia mkono ndani ya lundo, vidole vikakuta unyevu. Muuzaji akajitetea kuwa ni mvua. Akaulizwa kwa nini hakuiweka juu ile iliyolowa ili watu waione. Angalieni, ndugu zangu: mvua haikuwa kosa la yule muuzaji. Kosa lake lilikuwa kuificha.

Kwa hiyo naona kiraka cha usalama na kiingie chenyewe. Badiliko la tabia ya chombo ndilo libishe hodi, lijieleze kwa lugha aijuayo mwenye chombo, na akilikataa asinyimwe viraka. Watengenezaji wengi huvifunga vyote viwili katika kifurushi kimoja, ukitaka dawa ulazimike kumeza na usichokitaka. Na kile kitufe cha "Nakubali" chini ya kurasa nyingi za Kiingereza ambazo hata mwanasheria hazisomi, mimi sikihesabu kuwa idhini.

Wazazi wapangeni simu zijisasishe zikiwa kwenye Wi-Fi tu, ili bando lisalimike. Kisha fungueni mipangilio mtazame ni programu zipi zimeruhusiwa kutumia kamera na kipaza sauti. Programu ya nyakati za Sala inahitaji kujua mji mlipo. Haihitaji kusikiliza mazungumzo ya sebuleni.

Wallahu a'lam.