JE, YAFAA KUBADILI ASILI YA WANYAMA?

Katika mdahalo wa muhula huu tulibishana kama ni haki wataalamu kubadili vinasaba vya wanyama. Upande mmoja ulisema kazi ya Mungu isiguswe. Upande wa pili ulijibu kwamba mtoto afaye kwa malaria naye ni kazi ya Mungu. Tulipiga makofi, tukaenda kula. Lakini liko jambo moja ambalo hakuna aliyelitaja, ingawa twaliona kila siku: Ziwa Victoria.

Sangara si mwenyeji wa ziwa hili. Aliletwa kutoka maziwa ya Albert na Turkana, akatiwa majini katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960. Shabaha ilikuwa njema: furu, samaki wadogo wenye miiba mingi, waliwe na samaki mkubwa mwenye nyama ya kuuzika. Mwaka 1960 mtaalamu Geoffrey Fryer aliandika kuonya juu ya mpango huo, lakini sangara walikuwa wamekwisha kuingia ziwani.

Kwa miaka mingi hayakuonekana mabadiliko makubwa. Kisha, katika miaka ya 1980, sangara walijaa hata katika Ghuba ya Mwanza, na furu wakatoweka. Ziwa lilikuwa na aina zipatazo 500 za furu, karibu zote zisizopatikana mahali pengine duniani, na nyingi hazijaonekana tena. Ni kweli kwamba uchafu wa mashamba na miji nao ulichangia, na kwamba baadhi ya furu wamerudi. Ni kweli pia kwamba viwanda vya minofu vimewapa kazi wazazi wa wengi wetu. Kwa hiyo sisemi kwamba sangara ni laana. Nasema kwamba baba yake bibi yangu, aliyekuwa mvuvi huko Ukerewe, hakuulizwa na mtu. Bibi hutaja majina ya samaki ambao mimi sijapata kuwaona.

Sangara hakubadilishwa vinasaba, alihamishwa tu. Je, itakuwaje kwa kiumbe kilichobadilishwa? Jambo hili halipo mbali nasi. Mwaka 2025 wataalamu wa Taasisi ya Afya Ifakara na wenzao wa Uingereza walitangaza kwamba huko Bagamoyo wameunda mbu ambaye vijidudu vya malaria havikui vyema ndani yake. Kazi hiyo imefanyiwa ndani ya jengo lililofungwa. Kusudi la njia hii ni kwamba kinasaba kipya kirithiwe na karibu uzao wote wa mbu, badala ya nusu, hata kienee chenyewe. Nguvu yake imo humo, na hatari yake imo humo humo, kwani mbu hajui mpaka wa wilaya wala wa nchi.

Mimi siungi mkono wale wasemao kazi hiyo ikomeshwe. Hapa Kanda ya Ziwa twaijua malaria, na ni nani kati yetu asiyejua nyumba iliyozika mtoto? Tena madai yote si sawa. Mwaka 2015 Marekani iliruhusu kuliwa kwa samaki aina ya samoni aliyebadilishwa vinasaba ili akue upesi. Kutaka samaki awahi sokoni si sawa na kutaka mtoto aishi.

Lakini nia njema haitoshi, maana walioleta sangara nao hawakukosa nia njema. Kwa maoni yangu, kabla mlango wa jengo haujafunguliwa, hapana budi maswali matatu yajibiwe mbele ya watu wa vijiji husika, kwa lugha wanayoielewa. Je, wamekubali? Je, nchi jirani zimekubali? Na mambo yakiharibika, ni nani atakayeyarudisha, na kwa njia gani?

Swali la mwisho ndilo gumu. Maji yakimwagika hayazoleki, na sisi wa ziwani tungepaswa kulijua hilo kuliko wengine.

Mwanafunzi, Kidato cha 4