Kanzu ya babu si karatasi tupu

Leo tuongee habari za picha za zamani, zile nyeusi na nyeupe, na hizi printa zetu za wino.

Hapa Majengo, na Mji wa Kale pia, nyumba nyingi zina picha ya babu aliyevaa kanzu na koti jeusi, iliyopigwa studio. Studio ya Parekh ilikuwa na jina hapa Mombasa miaka ya 1950 na 1960; kule Zanzibar, Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio mwaka 1930. Siku hizi familia huziskani picha hizo na kuzichapisha upya, kila mtoto apate nakala yake. Jambo zuri. Lakini nakala nyingi zinatoka babu amevaa karatasi!

Sababu ni mbili, na watu huzichanganya.

Ya kwanza ni hesabu. Kompyuta huandika mwanga wa kila nukta kwa namba, kuanzia 0 (weusi) hadi 255 (weupe kabisa). Programu nyingi za skana zina kitufe cha "kuboresha" picha, na mara nyingi kazi yake ni kusukuma mwanga juu. Mikunjo iliyokuwa 235, 242 na 250 yote inakuwa 255. Darizi ya shingoni imekwenda. Ukishahifadhi faili hivyo, hata programu za akili bandia haziirudishi. Zitabuni darizi nyingine, ambayo babu hakuivaa.

Ya pili ni mng'ao. Katika picha ya zamani, fedha inayofanya weusi imo ndani ya tabaka la jelatini lililofunika karatasi nzima, kwa hivyo peupe na peusi hung'aa sawa. Wino wa pigimenti hukaa juu ya karatasi, na penye 255 printa haiweki wino kabisa. Iinamishe picha kwenye mwanga wa dirisha: koti lina mng'ao wake na kanzu ina wake, kama kiraka. Wino wa dai hunywewa na karatasi, tatizo hili halionekani sana, ila kwa kawaida hufifia mapema zaidi.

Watengenezaji wanalijua hilo. Canon PIXMA PRO-1 ya mwaka 2011 ilikuwa na katriji ya wino usio na rangi wa kusawazisha mng'ao. Lakini si kila duka lina mashine ya namna hiyo.

Maoni yangu: ndani ya mtu pasiachwe karatasi tupu. Zima kitufe cha kuboresha, hifadhi skani ya asili, kisha kwenye nakala ya kuchapisha zidisha kila namba kwa 248, gawa kwa 255. Palipokuwa 255 sasa ni 248, na printa itaweka wino kidogo.

Wengine watasema picha itapauka. Haipauki, kwa sababu jicho hupima weupe kwa kulinganisha. Ila ukingo wa karatasi ukate, au uufiche ndani ya fremu, la sivyo tofauti itaonekana.

Na wanaosema kioo cha fremu kitaficha mng'ao, ni kweli. Lakini kioo hakirudishi mikunjo. Picha ya asili ni moja tu, na joto na unyevu wa pwani vinaila. Wajukuu watarithi hiyo faili. Kwa hivyo ukienda dukani, anza na neno moja: usiboreshe.