Mnaezua Asbesto, Aliyeezeka Je?

Kila nikisikia shule fulani au nyumba za serikali zimeezuliwa asbesto, nafurahi kama mlipa ushuru mwingine yeyote. Halafu nauliza swali ambalo huwa halijibiwi: na aliyeezeka? Yule fundi wa miaka ya sabini na themanini aliyekata mabati yale ya kijivu kwa msumeno wa mkono, akayatoboa ya misumari, akashuka jioni amepauka kama mtu aliyeshinda kwenye kinu cha unga, yuko wapi leo?

Tunaongea kuhusu asbesto kana kwamba ni shida ya taka peke yake. Kanuni za taka za mwaka 2006 zinaiita taka hatari. NEMA ina miongozo ya jinsi ya kuiondoa na kuitupa bila kutimua vumbi. Vizuri sana. Anayeishusha sasa anatakiwa avae ovaroli na barakoa. Aliyeipandisha alipewa nini? Kofia, labda, kama mnyapara alikuwa mtu wa watu.

Ubaya wa asbesto ni kwamba haina haraka. Nyuzi zake ni ndogo hata jicho halizioni. Ukizivuta zinakwama ndani ya kifua na mwili hauwezi kuziyeyusha. Mesothelioma, saratani ya utando unaofunika mapafu, kwa kawaida hujitokeza miaka 20 hadi 40 baadaye, wakati mwingine hata zaidi. Kijana aliyekuwa juu ya paa mwaka 1982 anaanza kukosa pumzi akiwa babu huko kijijini, pensheni hana. Akienda zahanati atapimwa TB, kwa sababu kifua kwetu ni TB. Na hata akigunduliwa sawasawa, wenye ugonjwa huu wengi hawamalizi miaka miwili.

Sasa mlete huyo mzee mbele ya sheria zetu. Sheria ya ukomo wa mashtaka inampa aliyejeruhiwa kwa uzembe wa mwingine miaka 3. Ni kweli, kuna kifungu kinachomruhusu hakimu kuongeza muda kwa mtu ambaye hangeweza kujua mapema. Lakini hilo ni ombi, na ombi linataka wakili, na wakili anataka karatasi. Kama alikuwa ameajiriwa, sheria ya fidia kazini ya 2007, ile tunayoiita WIBA, haimruhusu kumburuta mwajiri kortini kudai fidia. Lazima apitie kwa mkurugenzi wa usalama kazini. Aliyelemaa kabisa hupigiwa hesabu ya mshahara wa miezi 96. Mshahara upi? Wa kibarua aliyelipwa Jumamosi mkononi, na kontrakta ambaye kampuni yake ilikufa zamani? Sheria hii humfaa zaidi mtu aliyekatwa kidole na mashine Jumanne saa nne. Huyo wa asbesto ataona taabu kuitumia.

Najua nitaambiwa, basi waende kortini kama watu wa Owino Uhuru. Haya, tuwatazame. Hapo Mombasa kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kiliwamwagia wakazi sumu ya risasi. Mwaka 2020 mahakama iliwapa shilingi bilioni 1.3. Mwaka 2023 Mahakama ya Rufaa ikafuta. Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikarudisha. Na hao walikuwa na kiwanda mlangoni na risasi kwenye damu, vitu ambavyo daktari anaweza kuvipima na jaji akaviona. Fundi wetu ana kifua chake tu.

Tazameni pia Afrika Kusini, ambako ushahidi ulikuwa mwingi kupita kiasi. Kampuni ya Cape, ya Uingereza, ilichimba asbesto huko tangu karne ya 19 hadi 1979. Mwishoni mwa miaka ya 1940, daktari Gerrit Schepers aliwakuta watoto huko Penge wakiwa ndani ya magunia, wanaikanyaga asbesto ishindiliwe. Mwaka 1960 Chris Wagner na wenzake walichapisha habari za wagonjwa 33 wa mesothelioma, na baadhi yao hawakuwahi kufanya kazi mgodini, walikuwa wameishi karibu tu. Hakuna aliyeweza kusema hajui. Bado Cape ilibishana kwanza eti kesi isisikilizwe London, mpaka mabwana wa House of Lords walipoikatalia mwaka 2000. Ikakubali kulipa pauni milioni 21, kisha ikashindwa kulipa. Mwaka 2003 ikatoa milioni 7.5. Walalamikaji walikuwa kama 7,500. Gawanya mwenyewe. Wengine walikuwa wamezikwa wakingoja.

Wale walikuwa na mgodi wenye jina. Ushahidi wetu sisi uko juu ya nyumba, na ndio huo tunaoushusha na kuufukia. Nyumba ya serikali haijengwi bila tenda: kuna mwaka, kuna kontrakta, kuna aliyeuza mabati. Leo bado kuna mtu anayekumbuka nani alikuwa na nyundo. Miaka 10 ijayo hatakuwepo.

Kwa hivyo tenda ya kuezua isitolewe kabla Wizara ya Kazi haijaandika kwenye daftari nani aliezeka, na nani alikuwa akibadilisha mabati yaliyopasuka, hata kama ni jina la utani na kijiji tu. Muda wa kudai uanze siku daktari anapotaja ugonjwa, bila mzee kwenda kuomba. Walioleta asbesto nchini na walioitengeneza, ambao bado wana biashara, wachangie mfuko wa fidia. Na watakaopatikana wapigwe picha ya kifua bure kwenye hospitali ya kaunti, neno asbesto liandikwe kwenye kadi zao, ili siku wakianza kuhema daktari asianze na TB.