Lipu ya ukuta nayo ni pembejeo

Katika vijiji vya Amerika ya Kusini, mkulima huweza kuambukizwa utotoni, kisha moyo ukamwangusha ukubwani, familia ikiwa bado inamtegemea shambani. Chanzo ni ugonjwa wa Chagas, uliogunduliwa Brazil mwaka 1909. Vimelea vyake huenezwa na wadudu wanyonya damu wanaojificha kwenye nyufa za nyumba za udongo. Hadi watu 3 kati ya 10 walioambukizwa hupata maradhi ya moyo.

Mwaka 1991 nchi sita ziliungana kupulizia dawa majumbani. Uruguay ilimdhibiti mdudu mkuu mwaka 1997, Brazil mwaka 2006.

Dawa za vimelea haziurudishi moyo ulioharibika. Hivyo, bajeti ya kilimo inayohesabu mbegu na mbolea lakini ikasahau nyumba ya mkulima ina pengo.