Ziwa haliwezi kukauka? Nani kasema?

Wadau, nimechoka kusikia hapa Mwanza eti "ziwa hupanda na kushuka tu, ndiyo kawaida yake." Wanaosema hivyo hudhani historia iko upande wao. Haiko!

Tope la chini ya Ziwa Victoria linaonyesha kwamba ziwa hili liliwahi kukauka, zaidi ya miaka 15,000 iliyopita. Kina chake ni kama mita 80 tu, na maji yake mengi huletwa na mvua inayonyesha juu yake, si mito. Mvua ikigoma miaka mingi, sangara kwaheri, na daraja la Kigongo–Busisi lililofunguliwa 2025 litabaki juu ya mchanga.

Kilimanjaro nako kuna ushahidi. Mwaka 2000 Lonnie Thompson wa Chuo Kikuu cha Ohio State na wenzake walichimba barafu, wakapima oksijeni nyepesi (16) na nzito (18). Uwiano wa hizo mbili hubadilika kufuatana na joto na mvua. Wakasoma humo ukame mkali wa kama miaka 4,000 iliyopita.

Kumbukumbu hizi ndizo mtihani wa modeli za kompyuta. Modeli ikishindwa kueleza ya jana, ya kesho tuiaminije?

Barafu hiyo imehifadhiwa Marekani. Sisi tunabishana vijiweni! Maji yalipita rekodi ya 1964 mwaka 2020, na tena 2024. Ziwa linalopanda hivi linaweza pia kushuka. Anayepanga mji bila kujua hilo anabahatisha maisha yetu.

Nawasilisha.