Nilimngoja daktari mwanamke miezi saba

Kwetu Kivinje mwanamke akitokwa na damu bila mpango, wa kwanza kuambiwa ni somo yake, wa pili mganga wa mizizi, daktari anakuja mwisho. Nami nilipita njia hiyo hiyo. Miezi saba nilikwenda sokoni na kanga tatu: mbili za kuvaa, ya tatu ndani ya kikapu, mambo yakiharibika.

Niliapa sifunuliwi na mwanamume. Kiapo hicho kilikuwa na chanzo chake. Zamani, katika kituo kimoja nisichokitaja, nililazwa kitandani mlango wazi, na vijana watatu wakaingia bila hodi.

Siku nilipoanguka jikoni, wanangu hawakuniuliza tena. Tulipanda basi pale Nangurukuru hadi Lindi, Hospitali ya Sokoine. Bingwa wa magonjwa ya wanawake alikuwa kijana, rika la mwanangu wa kwanza. Aliniamkia shikamoo. Akamwita nesi wa kike asimame upande wangu, akavuta pazia, kisha akasema, "Mama, nitakushika hapa tumboni. Ukiumia niambie niache." Kizazini mlikuwa na uvimbe mkubwa kama kidaka cha nazi, na kiwango cha damu yangu, yaani himoglobini, kilikuwa kimeshuka hadi 6. Akanieleza njia zote, ya dawa, ya kuondoa uvimbe peke yake na ya kutoa kizazi, akaniachia nichague.

Tangu hapo majirani wananiuliza daktari mzuri anajulikanaje. Nawajibu: tazama kama anakuambia anachotaka kufanya kabla hajakugusa. Tazama kama nesi au ndugu yako anaruhusiwa kukaa nawe. Muulize kuna njia nyingine gani. Akikasirika, tafuta mwingine. Daktari kuwa mwanamke au mwanamume hakuingii katika hesabu yangu tena. Hata masheikh wengi wanakubali kwamba tabibu mwanamke asipopatikana, dharura ina hukumu yake.

Najua huku kwetu kuchagua si rahisi. Madaktari bingwa wa kambi za matibabu za Rais Samia, zilizoanza 2024, hukaa hospitali ya wilaya siku chache tu, kisha wanaondoka. Basi wakitangazwa, nenda siku ya kwanza. Wala si kila kitu kinamhitaji bingwa. Saratani ya mlango wa kizazi, inayoongoza kwa wanawake wa Tanzania, huchunguzwa na nesi aliyefunzwa: anapaka siki kidogo na kuangalia panapogeuka peupe. Ni kazi ya dakika chache, na mara nyingi nesi huyo ni mwanamke mwenzako.

Waganga wafawidhi wa mkoa wetu nawaomba jambo moja: kila chumba cha uchunguzi kiwe na pazia, na nesi wa kike wa kusimama kando. Wanawake wa pwani wanakimbia aibu kuliko sindano. Na wewe dada unayetembea na kanga ya tatu kikapuni, usingoje mwezi wa nane.