Kliniki za afya ya akili ziongozwe na waliosomea

Sheria ya Afya ya Akili ya Kenya, iliyorekebishwa mwaka 2022, inazitaka serikali za kaunti kuwahudumia wagonjwa wa akili karibu na kwao. Wengi wao hawahitaji kulazwa katika hospitali ya akili ya Mathari. Wanahitaji kliniki ya kwenda kutibiwa na kurudi nyumbani. Kliniki hiyo lazima iongozwe na mwenye leseni aliyesomea magonjwa ya akili: daktari bingwa, muuguzi au tabibu. Kiongozi huyo ndiye anayehakikisha dawa hazikatizwi, washauri nasaha wanasimamiwa, na anayefikiria kujiua anatambuliwa mapema. Cheo hiki kisigawiwe kwa undugu wala kwa kujaza pengo. Magavana watangaze nafasi hizi hadharani, waajiri kwa sifa, na walipe ipasavyo.